KIWANDA KISICHOKUWA NA MWENYEWE
Jinsi mali ya vita ilivyogeuka wakfu wa elimu Ujerumani

Vita vinapokwisha, bunduki hunyamaza, lakini swali moja huendelea kuulizwa kwa miaka mingi: mali hii ni ya nani? Ghala limeachwa wazi, mwenye ufunguo amekimbia au amekufa, madaftari yameungua, na aliyesimama mlangoni ni askari mwenye silaha. Kila mwanajeshi na kila polisi aliyepata kutumikia mahali palipopita vita anaifahamu saa hiyo. Ni saa ya majaribu, na mara nyingi bahati ya mji mzima hutegemea yale atakayoyatenda yule askari wa mlangoni.

Katika makala haya tungependa kuwaeleza wasomaji wetu habari za mali ya namna hiyo. Ni habari za kiwanda cha magari cha Ujerumani ya Kaskazini, ambacho mwaka 1945 hakikuwa na mwenyewe, na ambacho miaka kumi na sita baadaye kilizaa shirika la wakfu liitwalo Volkswagen Stiftung, lenye makao yake katika mji wa Hannover. Shirika hili ni miongoni mwa mashirika makubwa ya binafsi barani Ulaya yanayogharimia utafiti wa sayansi na elimu ya juu. Tangu lilipoanza kazi mwaka 1962 limekwisha kutoa zaidi ya Yuro bilioni 5, kwa miradi inayozidi 30,000.

Wengi walisikiapo jina lake hudhani kwamba ni tawi la kampuni ya magari, au ni mkono wa kampuni hiyo wa kujitangaza. Sivyo. Kampuni hailiamrishi shirika, wala haichagui watu wa kupewa fedha. Jina ni kumbukumbu tu ya mahali mali ilipotoka. Na ili tuelewe mali hiyo ilitokaje, yatubidi turudi nyuma hadi mwaka 1933.

MIEZI MIWILI YA MWAKA 1933

Mnamo Aprili 7, 1933, serikali mpya ya Hitler ilitoa sheria ya kuwafukuza katika utumishi wa serikali Wayahudi na wote waliodhaniwa kuwa wapinzani. Vyuo vikuu vilikuwa vya serikali, kwa hiyo upanga uliwashukia wanachuoni mara moja. Chuo Kikuu cha Göttingen, kilichosifika duniani kote kwa hisabati na fizikia, kiliwapoteza walimu wake bora kabisa. Max Born, bingwa wa fizikia, alisimamishwa. Emmy Noether, mama aliyehesabiwa miongoni mwa mabingwa wa hisabati wa karne nzima, alifukuzwa. Mwenzao James Franck, mwenye Nishani ya Nobel, alisamehewa na sheria ile kwa sababu alikuwa amepigana mstari wa mbele katika Vita Kuu ya Kwanza. Yeye aliukataa msamaha huo. Alijiuzulu mwenyewe na kutangaza hadharani sababu zake, akaiacha nchi aliyoipigania.

Wiki tatu na ushei baadaye, Mei 2, 1933, mgambo wa chama cha Nazi walizivamia ofisi za vyama vya wafanyakazi katika nchi nzima. Viongozi walikamatwa. Majumba, matbaa na fedha zilizochangwa na wafanyakazi kwa miongo mingi zilitwaliwa, na zote zikaingizwa katika chombo kipya cha chama tawala kilichoitwa Deutsche Arbeitsfront.

Chombo hicho ndicho kilichopewa kazi ya kujenga kiwanda cha “gari la wananchi”, maana hiyo ndiyo tafsiri ya neno Volkswagen. Jiwe la msingi liliwekwa na Hitler mwenyewe mwezi Mei 1938, karibu na mji mdogo wa Fallersleben. Sehemu kubwa ya gharama ilitokana na mali ile iliyonyang'anywa wafanyakazi. Tena wananchi wa kawaida walihimizwa kuweka akiba ya Maki 5 kila juma, wakibandika stempu katika kitabu, hadi watimize Maki 990 wapewe gari. Haba na haba hujaza kibaba, na watu wapatao 336,000 wakajiandikisha. Lakini kibaba chao hakikujaa. Vita vilipoanza mwaka 1939, kiwanda kiligeuzwa kuwa cha kijeshi. Hakuna hata mmoja aliyepata gari kwa mpango ule wa akiba.

Kiwanda kile kilitengeneza magari ya jeshi na sehemu za mabomu ya kuruka ya V-1. Waliokitumikia hawakuwa wafanyakazi huru. Watu wapatao 20,000 walilazimishwa kufanya kazi humo: mateka wa vita, raia waliokokotwa kutoka nchi zilizovamiwa, na wafungwa wa makambi ya mateso. Yafaa jambo hili lisemwe wazi, kwani mali tunayoisimulia ilikuwa na jasho na damu ndani yake kabla haijaitwa wakfu.

MEJA NA KIWANDA

Majeshi ya Marekani yaliufikia mji ule mwezi Aprili 1945. Muda si muda eneo lote likakabidhiwa kwa Waingereza, na mwezi Agosti akatumwa hapo Meja Ivan Hirst, wa kikosi cha wahandisi wa umeme na mitambo cha jeshi la Uingereza. Alikuwa kijana wa miaka 29, aliyezoea karakana za kutengeneza vifaru. Amri aliyopewa haikuwa na maneno mengi: akisimamie kiwanda.

Kiwanda chenyewe kilikuwa magofu kwa sehemu kubwa. Ndege za Washirika zilikuwa zimekipiga mara kadhaa, mapaa yalikuwa wazi, na husimuliwa kwamba bomu moja ambalo halijalipuka lilikuwa limekwama katikati ya mitambo isiyoweza kupatikana tena. Zaidi ya hayo, kiwanda kilikuwa kimeandikwa katika orodha ya mali za kufunguliwa na kuchukuliwa kama fidia ya vita. Kwa maneno mengine, kilikuwa kinangoja kugawanywa vipande vipande.

Meja Hirst angeweza kukaa akingoja siku ya kufungua parafujo. Badala yake aliliona jambo moja la kijeshi: jeshi la Uingereza katika Ujerumani lilikuwa na upungufu mkubwa wa magari mepesi. Alitafuta gari moja la mfano lililobaki kiwandani, akalipaka rangi ya kijani ya jeshi, akalipeleka makao makuu likatazamwe. Jibu lilikuwa oda ya magari 20,000. Tangu siku hiyo kiwanda kikawa na kazi, na mahali penye kazi ya jeshi hapafunguliwi parafujo kwa haraka. Kufikia mwezi Machi 1946 kilikuwa kikitoa magari 1,000 kwa mwezi, ingawa makaa, chuma na chakula vilikuwa haba mno.

Hatusemi kwamba Waingereza walikihifadhi kwa huruma. Walihitaji magari. Wataalamu wa viwanda vya magari vya Uingereza walilichunguza gari lile na wasione ndani yake jambo kubwa la kuigwa, kwa hiyo tamaa nayo ilipungua. Lakini lililo muhimu kwetu sisi watu wa nidhamu ni namna usimamizi ule ulivyoendeshwa. Wafanyakazi waliruhusiwa kuchagua baraza lao kabla mwaka 1945 haujaisha. Na mwanzoni mwa mwaka 1948 uongozi ulikabidhiwa kwa Mjerumani, Heinrich Nordhoff, fundi aliyefahamu kazi ya viwanda. Askari aliyekuwa na mamlaka yote alianza mwenyewe kuyapunguza mamlaka yake, hatua kwa hatua.

Kisha ikaja siku ya kukabidhi. Mnamo Oktoba 8, 1949, Kanali Charles Radclyffe alitia saini kwa niaba ya serikali ya kijeshi ya Uingereza, na kiwanda kikawekwa mikononi mwa Wajerumani. Wakati huo kilikuwa kikitoa zaidi ya magari 40,000 kwa mwaka. Hati ya makabidhiano haikusema kwamba kiwanda ni mali ya fulani. Ilisema kwamba Serikali ya Shirikisho la Ujerumani itakishika kwa amana, na jimbo la Niedersachsen litakiendesha kwa niaba yake. Swali la mwenye mali liliachwa kwa wenyeji walijibu kwa sheria zao. Wenyeji walichukua miaka kumi kulijibu.

WENYE MADAI WANNE

Aliyeachwa na amana isiyoandikiwa mwenyewe hupata wageni wengi mlangoni. Serikali ya Shirikisho ilidai kwamba yenyewe ni mrithi wa dola lililoanguka. Jimbo la Niedersachsen lilijibu kwamba kiwanda kimo katika ardhi yake na limekitunza. Vyama vya wafanyakazi, vilivyokuwa vimefufuka baada ya vita, vilikumbusha kwamba kiwanda kilijengwa kwa fedha zao zilizoporwa. Na wale wenye vitabu vya stempu walikwenda mahakamani kudai magari yao.

Kesi ya wenye stempu ilichukua miaka mingi na haikumalizika mpaka mwaka 1961. Mwishowe walipatana: mtu mwenye kitabu kilichojaa aweza kupunguziwa hadi Maki 600 anunuapo gari jipya, au apewe Maki 100 taslimu. Halikuwa jambo la kushangiliwa, lakini angalau mlango ulifungwa kwa sheria.

Mgogoro kati ya serikali na jimbo ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu kiwanda kilikuwa kimekwisha kuwa tajiri. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Na kama wakubwa hao wawili wangeendelea kuvutana, kampuni ingedhoofika na wanasheria wakanenepa. Mwezi Novemba 1959 walifanya mapatano ambayo yafaa yasomwe na kila mtu anayeshughulika na mali ya umma. Kila mmoja alikubali kuacha sehemu kubwa ya dai lake, si kwa faida ya mwenzake, bali kwa faida ya mtu wa tatu ambaye bado hajazaliwa.

Sheria ilipitishwa mwaka 1960. Kiwanda kikawa kampuni ya hisa. Asilimia 60 ya hisa ziliuzwa kwa wananchi wa kawaida, na watu wapatao milioni 1.5 wakazinunua. Serikali ya Shirikisho ilibaki na asilimia 20, na jimbo asilimia 20. Fedha zilizotokana na mauzo, zipatazo Maki bilioni 1, hazikuingia katika hazina ya serikali wala ya jimbo. Zilifanywa mtaji wa wakfu mpya. Hata gawio la kila mwaka la zile hisa zilizobaki liliahidiwa wakfu huo. Mnamo Mei 19, 1961, shirika likaandikishwa rasmi, na kazi yake ikatajwa kuwa kuendeleza sayansi na ufundi katika utafiti na katika mafundisho.

Hapa ndipo tunapoomba msomaji atulie kidogo. Katika majuma machache ya mwaka 1933, dola lile lile liliwafukuza wanachuoni na kuwapora wafanyakazi. Miaka 28 baadaye, mali iliyotokana na uporaji ule iliwekwa chini ya kufuli, ili faida yake iwalipe wanachuoni. Göttingen na Hannover zimo katika jimbo hilo hilo moja. Hakuna aliyeweza kumrudisha Emmy Noether, ambaye alifariki ugenini mwaka 1935. Lakini nchi iliyojifanya masikini wa elimu kwa mikono yake mwenyewe ilikuwa imetafuta njia ya kuanza kulipa deni.

NAZI HULIWA, MNAZI HAUUZWI

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanalifahamu neno wakfu tangu zamani. Mtu aliweza kulitoa shamba lake la minazi kuwa wakfu wa msikiti au wa maskini. Tangu hapo nazi ziliangushwa na kuliwa na waliokusudiwa, lakini shamba lenyewe halikuuzwa, halikurithiwa, wala halikuwekwa rehani. Volkswagen Stiftung huendeshwa kwa kanuni iyo hiyo. Mtaji, ambao leo unazidi Yuro bilioni 3, umewekwa katika hisa za makampuni mbalimbali, dhamana na majumba, na faida yake ndiyo inayogawiwa. Kila mwaka hugawiwa zaidi ya Yuro milioni 100.

Waangalizi wa shamba hilo ni bodi ya wadhamini 14. Saba huteuliwa na Serikali ya Shirikisho na saba na serikali ya jimbo la Niedersachsen. Muhula wao ni miaka mitano, na mtu aweza kuongezewa mara moja tu. Wakisha kuteuliwa hawapokei amri kutoka kwa yule aliyewateua. Ndiyo maana shirika huhesabiwa kuwa la binafsi, ingawa waasisi wake walikuwa serikali mbili. Halikatiwi fungu katika bajeti ya taifa, kwa hiyo waziri hawezi kulinyima chakula akichukizwa na utafiti fulani.

Mwanachuoni anayetaka msaada huandika ombi. Ombi hupelekwa kwa mabingwa wa elimu ile ile, mara nyingi walio nchi nyingine, wasio na undugu wala biashara na mwombaji. Hao huandika maoni yao, na ndipo uamuzi hutolewa. Njia hii ina usalama wake, lakini ina udhaifu pia: wazee huyapenda mawazo wanayoyazoea. Kwa hiyo tangu mwaka 2017, katika mpango mmoja wa kugharimia mawazo ya kijasiri, shirika lilijaribu jambo ambalo askari wengi wangelifurahia. Maombi yalikuwa mafupi na yalisomwa bila majina. Baraza la mabingwa likayaondoa yasiyofaa na kuchagua machache yaliyowapendeza zaidi; kisha katika yale mazuri yaliyobakia ikapigwa kura ya bahati nasibu. Kijana asiye na jina akawa sawa na profesa mwenye mvi.

SIKIO LA EFFELSBERG

Fedha hizo zimefanya nini? Tutataja machache.

La kwanza ni darubini ya mawimbi ya redio ya Effelsberg, katika milima ya Eifel, upande wa kusini-magharibi wa mji wa Bonn. Ilizinduliwa Mei 1971, na shirika hili ndilo lililotoa fedha za kuijenga. Ni bakuli la chuma lenye upana wa meta 100. Eneo lake lapita eneo la uwanja wa mpira, na mtambo mzima una uzito wa tani 3,200. Hata hivyo huzungushwa na kuinamishwa kuelekea pembe yoyote ya mbingu. Kwa miaka 29, hadi mwaka 2000 Marekani ilipozindua ya kwake huko Green Bank, hapakuwa na darubini ya kuzungushwa iliyokuwa kubwa kuliko hiyo duniani.

Ndugu zetu wa kikosi cha mawasiliano watafahamu mara moja kwa nini haikujengwa kileleni bali bondeni. Sauti za nyota zinapotufikia ni dhaifu kupita kiasi, na mitambo ya redio ya binadamu huzizima kama ngoma izimavyo mnong'ono. Milima inayolizunguka bonde hufanya kazi ya ukuta. Kanuni hiyo hiyo humfanya askari wa redio achague mahali pake kwa uangalifu kabla hajafungua mitambo yake.

La pili ni hisabati. Katika kijiji cha Oberwolfach, ndani ya Msitu Mweusi, kuna nyumba ambamo mabingwa wa hisabati wa dunia nzima hukutana juma baada ya juma kufikiri pamoja. Jengo la kulala wageni la mwaka 1967, na jengo la maktaba na mikutano la mwaka 1975, yalijengwa kwa fedha za wakfu huu.

La tatu ni elimu ya viumbe na magonjwa. Katika miaka ya 1960 shirika lilisaidia kuanzishwa kwa kituo cha utafiti karibu na mji wa Braunschweig, wakati ambapo elimu ya chembe za uhai ilikuwa bado changa katika Ujerumani. Baadaye serikali ilikichukua kituo hicho, na leo ni kituo kikubwa cha taifa cha kuchunguza maradhi ya kuambukiza. Hivyo ndivyo wakfu ufanyavyo: huotesha mche, na mche ukishika mizizi huuacha kwa wengine na kwenda kupanda mahali pengine.

La nne ni lugha. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 shirika liligharimia miradi ya kurekodi lugha zilizo karibu kufa katika mabara mbalimbali, zikiwamo lugha za wawindaji wa Namibia. Sauti za wazee zilihifadhiwa katika ghala la kumbukumbu huko Nijmegen, Uholanzi, ili wajukuu waweze kuzisikia.

UPANDE WETU WA DUNIA

Mwaka 2003 shirika lilianzisha mpango maalumu wa utafiti kwa Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Shabaha yake haikuwa kuwaleta Wazungu kuja kutupima kama vielelezo. Miradi ilitakiwa kufanywa kwa ushirikiano na watafiti wa Kiafrika, na vijana wa Kiafrika waliokwisha kupata shahada ya udaktari walipewa misaada ya kuendelea na utafiti wao wakiwa katika vyuo vya nchi zao. Wanachuoni wetu wengi hukimbilia ng'ambo si kwa kuichukia nchi, bali kwa sababu huko ndiko kwenye maabara. Mwenye maabara nyumbani ana sababu ya kubaki. Tena, pamoja na mashirika manne mengine ya Ulaya, shirika liliwasaidia watafiti wa Kiafrika wanaoshughulikia magonjwa ya nchi za joto ambayo makampuni makubwa ya dawa huyapuuza kwa kuwa wagonjwa wake hawana fedha.

Lakini mradi mmoja watuhusu sisi wenye sare zaidi ya mingine yote. Kuanzia mwaka 2018 shirika liligharimia uchunguzi wa vitu vya kale vya nchi za mbali vilivyomo katika makumbusho ya jimbo la Niedersachsen: vilitoka wapi, vilichukuliwa na nani, na kwa haki gani? Wataalamu kutoka Tanzania, Kameruni, Namibia na kwingineko walishirikishwa. Katika makumbusho ya mji wa Oldenburg ulichunguzwa mkusanyo ulioletwa na ndugu wa ukoo wa Langheld, waliokuwa maafisa katika jeshi la kikoloni la Kijerumani katika Afrika Mashariki. Mmoja wao, Wilhelm Langheld, aliwahi kuwa mkuu wa boma la Bukoba, kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Viktoria, miaka ya mwanzo kabisa ya boma hilo lililoasisiwa mwaka 1890.

Silaha, ngoma na vyombo vya nyumbani viliwekwa katika masanduku na kusafirishwa. Vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa zawadi, na vingine vilitwaliwa katika vita. Zaidi ya miaka mia moja baadaye wataalamu wanasumbuka kuvitenganisha, kwa sababu afisa aliyevichukua hakuandika alivipataje. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Nasi twaongeza kwamba hata isipopotea, hugeuka kuwa mashtaka kwa vizazi vya baadaye.

Tazama basi tofauti ya maafisa hawa wawili. Mmoja alishika boma la Bukoba, na wajukuu wa wenyeji bado wanauliza vitu vya babu zao viliondokaje. Mwingine alishika kiwanda cha maadui zake, na kilipokabidhiwa ilikuwapo hati, saini na tarehe. Kutokana na hati hiyo, wenyeji waliweza kugombana kwa sheria hadi wakapatana.

MADENI YALIYOBAKI

Lisingekuwa jambo la haki kumaliza kwa sifa tupu. Mapatano ya mwaka 1959 yalizimaliza hoja za serikali mbili, lakini wale waliofanyishwa kazi kwa kulazimishwa hawakuwa mezani. Wengi walikuwa wamekwisha kurudi Poland, Urusi na Ukraine, na hakuna aliyewauliza. Kampuni ya magari ilianzisha mfuko wa kuwasaidia mwaka 1998, na mwaka 2000 serikali na viwanda vya Ujerumani viliunda mfuko wa Maki bilioni 10 kwa ajili ya walioteswa namna hiyo katika nchi nzima. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Haki iliyochelewa zaidi ya miaka hamsini humkuta mwenyewe kaburini.

Tena, wakfu haukati kabisa kamba inayoufunga na biashara. Jimbo la Niedersachsen bado lina hisa zake katika kampuni, na gawio lake hupitia kwa shirika na kutumiwa kwa utafiti katika vyuo vya jimbo hilo. Mwaka 2015 kampuni ilipogunduliwa kuwa imedanganya vipimo vya moshi wa magari ya dizeli, gawio la hisa moja ya kawaida lilianguka kutoka Yuro 4.80 hadi senti 11. Udanganyifu huo ukawagusa wanachuoni ambao hawakupata kuishika hata spana. Lakini shamba halikukauka, kwa maana waangalizi wake walikuwa wamekwisha kupanda miche ya aina nyingi katika mashamba mengi.

FUNZO KWA MLINZI

Sheria ya vita ya The Hague ya mwaka 1907 yasema kwamba jeshi linaloikalia nchi ya adui si mmiliki wa majumba, misitu na mashamba ya umma yaliyomo. Ni msimamizi tu. Laweza kutumia matunda yake, lakini ni wajibu wake kuulinda mtaji. Uporaji nao umekatazwa humo waziwazi, na Mapatano ya Geneva ya mwaka 1949 yakarudia katazo hilo. Msomaji atatambua kwamba hiyo ni kanuni ile ile ya mnazi wa wakfu, iliyoandikwa kwa lugha ya wanasheria.

Kwa hiyo askari wetu asidhani kwamba mambo ya sayansi na mashirika ya wakfu ni mazungumzo ya maprofesa tu. Mwanzo wa hazina hii ulikuwa mlango wa kiwanda kilichobomolewa na afisa kijana aliyepewa kukisimamia. Meja Hirst hakujua kwamba kutakuwa na darubini huko Effelsberg; alifariki mwaka 2000, mwaka ule ule ambao darubini hiyo ilipitwa kwa ukubwa na nyingine. Yeye alijua tu kwamba kiwanda si chake.

Hannover yenyewe ina ukumbusho wa kupendeza. Kasri la Herrenhausen, lililokuwa la wafalme wa zamani wa Hannover, liliteketezwa kwa mabomu ya ndege za Uingereza mwezi Oktoba 1943. Kwa miaka karibu sabini pale palikuwa mahali patupu penye bustani. Shirika la wakfu lililijenga upya, na tangu mwaka 2013 kumbi zake hutumiwa kwa mikutano ya wanachuoni wa mataifa yote, Waingereza wakiwa miongoni mwao. Pango linalolipwa huingia katika mfuko, na kutoka humo huwafikia watafiti.

Leo au kesho mmoja wetu atawekwa mlangoni mwa ghala, hospitali au shule ambayo wenyewe wamekimbia. Na afanye mambo mawili yasiyohitaji shahada: ahesabu vilivyomo, na aandike. Siku wenyewe watakaporudi, au watoto wao, watakuta daftari.